Nungunungu na Gome la Mkuyu

Nungunungu alichimba pango chini ya mkuyu, na mizizi ya mti huo ndiyo iliyoshikilia dari yake. Kila jioni alitafuna gome la shina, hata akalimaliza kulizunguka lote.

"Jirani, unaiua mizizi kwa njaa!" alifoka Fuko, aliyeishi pango la pili. "Chakula chake hupikwa majanini, kikateremka kwa kupitia gome. Dari itakuangukia!"

"Hesabu yako imepinduka, bwana. Mizizi ndiyo inayoulisha mti. Tazama juu: majani yote mabichi."

"Ni mabichi kwa sababu maji hupanda kwa njia nyingine, ndani ya shina! Nikueleze mara ngapi?"

"Mpaka nishibe," alijibu Nungunungu, akitafuna.

Msimu ukapita. Mizizi ikafa na kuoza, na mvua ya kwanza ikaiangusha dari juu ya Nungunungu. Fuko akachimba mchana kutwa, akihema, mpaka kichwa cha jirani yake kikatokeza.

"Ahsante, ndugu yangu," alisema Nungunungu, akipepesa macho. "Sasa tuhamie chini ya mkuyu ule mwingine. Gome lake linaonekana laini zaidi."

Fuko akaanza kuurudisha udongo shimoni.