Mawe ya Mizani

Mlinzi wa hospitali alifungua begi, akachungulia ndani, kisha akamtazama mwenye begi usoni.

"Mzee, wenzako huleta mito na blanketi. Wewe umemletea mgonjwa vyuma?"

"Ni mawe ya mizani," mwanamume alijibu. "Ya kazi."

Mlinzi alijaribu kulinyanyua begi kwa mkono mmoja, likamshinda. Akacheka, akamwacha apite.

Mwanamume huyo alikuwa fundi wa mizani. Sokoni walimwita Gramu. Alizunguka duka kwa duka na mawe yake, akikagua mizani za watu, na aliyepunja hata kidogo hakuwa na pa kujificha. Mizani moja tu aliiharibu kwa mikono yake mwenyewe, nayo ilikaa chini ya kitanda chake.

Ilianza siku mkewe aliposhuka kwenye mizani ile akakaa sakafuni kulia. Alipokwenda kuoga, Gramu aliigeuza, akafungua kifuniko, akakaza springi kidogo. Kesho yake mkewe alipanda tena, akatabasamu. Tangu hapo, kila alipomwona ameongezeka, aliikaza. Miaka ikapita, kilo zikabaki zile zile.

"Basi ni magauni yanayosinyaa," mkewe alisema, na Gramu akatazama pembeni.

Sasa magoti ya mkewe yalikuwa yamegoma, na ngazi za nyumbani zilimmaliza pumzi. Akaamua kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Gramu alikubali haraka, kisha akakosa usingizi. Angeujua uzito wake mapema, si angeanza kujitibu mapema?

Wakaanza kutafuta daktari. Wa kwanza alikuwa na sifa nyingi. Kwenye ukumbi wake nesi aliwapima watu mbele ya wote, akitangaza kilo kama ananadi ng'ombe. Mke aligeukia mlangoni.

"Huyu hapana."

"Hata daktari mwenyewe hujamwona!"

"Nimemsikia nesi."

Wa pili alikuwa na mizani yenye namba nyekundu ukutani, zinazosomeka hadi kwenye viti vya wanaosubiri. Mke alisema pale pananuka rangi. Gramu alishukuru kimoyomoyo, kisha akajichukia kwa shukrani ile.

Wa tatu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Mke alimuuliza amekwisha kuwapasua wangapi, mshono ukivuja itakuwaje, na wakipiga simu nani ataipokea. Alijibiwa yote, hata yale ya kutisha. Kisha akapelekwa kwenye chumba cha kupimia, mlango ukafungwa.

Gramu alibaki nje, shati limemganda mgongoni. Alijua kinachokuja. Atatoka akilia, au atatoka akimtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama.

Mke alitoka ametulia.

"Zile zile za nyumbani," alisema, akachukua mkoba wake.

Badala ya kupumua, Gramu alianza kupiga hesabu. Mizani ya hospitali ikikubaliana na mizani iliyoharibiwa, basi nayo ni mbovu. Na dawa ya usingizi, alivyosikia, hupimwa kwa kilo za mgonjwa.

Ikafuata wiki ya supu nyepesi na maziwa, ili ini lipungue na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Gramu alikunywa pamoja na mkewe. Kila walipoketi mezani alifungua mdomo aseme, akaishia kupuliza supu.

"Gramu, kunywa basi," mkewe alimtania. "Anayekatwa ni mimi."

Jumamosi mkewe alikwenda kwa dada yake, mwenye ghala la nafaka na unga, kama ilivyokuwa desturi yake. Aliporudi akavua viatu, nyayo zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Gramu alipiga magoti akamfuta kwa kitambaa, mguu mmoja baada ya mwingine.

Ndipo sasa, asubuhi ya upasuaji, yuko kwenye korido na begi lake. Mkewe alikuwa ameshaingizwa ndani. Daktari alipotokeza, kofia kichwani, Gramu alisimama upesi, mawe yakagongana.

"Daktari, naomba usimguse kwanza. Mizani yenu inadanganya."

"Inadanganya vipi?"

"Mke wangu ana kilo nyingi kuliko mnavyodhani. Mizani ya nyumbani niliichezea mimi. Miaka mingi. Sikutaka alie. Yenu imesema sawa na ile. Nimekuja na mawe yangu, tuipime. Mwambieni mwenyewe kwamba ni mimi. Akitaka kuniacha aniache, lakini msimpe dawa kwa kilo za uongo."

Daktari alitazama begi, kisha mikono ya fundi iliyolishika.

"Wewe unamkadiria ana kilo ngapi?"

"Mia na thelathini, au karibu na hapo."

"Siku ile tulipata mia na thelathini na moja. Leo amepungua."

Gramu hakuelewa. "Lakini aliniambia zile zile."

"Alituomba tusizitaje ukiwepo." Daktari akamshika bega, akamketisha taratibu. "Wala hakushtuka, alikuja nazo kichwani. Kila Jumamosi hujipima kwenye ghala la dada yake. Alisema ile ndiyo mizani anayoiamini, kwa sababu uliikagua wewe."