Mshono wa Mkono

"Cherehani acha," mgeni alisema. "Shona kwa mkono, dada. Nitasubiri."

Fundi alitazama kitambaa cheupe mezani, kisha viatu vya mgeni. Vilikuwa vyeusi, vya kamba, vimepigwa rangi hadi vinang'aa. Mtaani pale hakuna aliyekuwa na muda wa kung'arisha viatu namna hiyo.

"Gauni la nani?"

"La mama. Refu, la mikono mirefu, bila urembo."

"Hatakuja kupimwa?"

"Hapana. Mnalingana, jipime mwenyewe."

"Kwa mkono litakula asubuhi nzima, kaka."

"Nimesema nitasubiri." Akavuta kiti cha wateja, akakaa pale ambapo vidole vya fundi vilionekana vizuri.

Hapo fundi akajua yamemfika.

Watu wa dini yake hawafungi fundo kwenye uzi. Huanza mshono kwa kurudisha sindano pale pale mara mbili, na humaliza vivyo hivyo, kwa sababu mtu akizikwa na fundo mwilini roho yake hunaswa, na hakuna ajuaye nguo ipi itakuwa ya mwisho. Zamani yalikuwa mambo ya kutaniwa na majirani. Tangu serikali ipige marufuku dini yenyewe, na nyumba zake za ibada, na mazishi yake, yakawa ushahidi. Serikali hiyo hiyo iliyokosa watu wa kuzoa taka ilipata watu tele wa kupindua pindo za suruali barabarani.

Mumewe alikamatwa kwa kifungo kimoja. Waliingia wanaume wawili, wakapiga naye soga, wakampa shati ashone kifungo mbele yao. Mkono wake ukafanya ulivyozoea. Hakuonekana tena, na kila ofisi ambako fundi alikwenda kumuulizia walisema hawamjui.

Sasa binti yao alikuwa shuleni. Akirudi akute duka limefungwa, hakuwa na shangazi wala mjomba aliyebaki wa kumpokea.

Kwa hiyo fundi akajikaza kisabuni. Alitunga uzi, akasogea dirishani ili mgeni aone, akaviringisha ncha kidoleni, akavuta. Fundo likakaa, nene kama punje ya mchele. Aliona aibu kuliko woga.

Mgeni aliinama mbele. "Ndivyo unavyoshona siku zote?"

"Ndivyo nilivyofundishwa. Bila fundo si nguo itafumuka?" Akacheka, na kicheko kikamtoka kikavu.

"Mama alikuwa akisema kuna njia nyingine."

"Wazee wana mengi."

"Labda unaijua, ila hutaki kunionyesha."

"Kaka, mimi najua hii tu."

Mtego wenyewe ulikuwa wazi mno hata akamdharau kidogo aliyeutega. Kwa mumewe walijificha vizuri zaidi. Akafunga fundo begani. Akafunga kwapani, akafunga kiunoni, akafunga kwenye pindo, na kila moja alilitoa nje kwa makusudi, upande wa macho ya mgeni. Kimoyomoyo alimwomba Mungu msamaha, kisha akaomba mgeni asiisikie sala hiyo.

Kadiri mafundo yalivyoongezeka ndivyo mgeni alivyonywea kitini, na fundi akaona raha ya mtu anayeponea chupuchupu. Aende akawaambie waliomtuma kwamba hapa amekosa.

Jua lilipofika juu ya mabati, gauni lilikuwa tayari. Alilikunja, akamkabidhi kwa mikono miwili. Akilini alimwona tayari binti yake akiingia na mkoba begani, akiulizia chakula kabla hata ya kusalimu. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akavuta pumzi hadi mwisho.

Lakini mgeni hakuondoka. Alipitisha kidole gumba kwenye pindo, polepole, na machozi yakamdondokea kitambaani.

"Mama amefariki alfajiri," alisema. "Aliniambia nije kwako, kwamba katika watu wetu umebaki wewe peke yako unayejua kumshonea mtu nguo ya kuzikiwa."