Chokaa ya Mwaka Huu

Bi Mwanakombo alifika kilimani akihema, ndoo ya chokaa mkononi, akakuta alama za tairi zimekatiza kaburi la mumewe. Kila mwaka, kabla ya mfungo, huja kuyapaka chokaa mawe yanayolizunguka.

Pembeni alisimama mwanamume mwenye baiskeli, jasho likimchuruzika.

"Shikamoo, bibi. Njia ya mashindano ni hii?"

"Marahaba. Hapo kalala mume wangu."

"Lo! Nisamehe, bibi. Tumeambiwa tufuate mawe meupe."

"Mkamfuata yeye! Mtu aliyekuwa akipotea hata kwenda sokoni!"

Mwanamume alitaka kucheka, akashindwa. "Wenzangu arobaini wako mbali nyuma, bibi. Wanakuja mbio."

Bi Mwanakombo alichungulia ndoo. Chokaa ile aliichoma mwenyewe, siku tatu za moshi na mgongo kuuma. Akapiga magoti, akazoa udongo mbichi, akaanza kuyapaka mawe ya kaburi, moja baada ya jingine, mpaka weupe wa miaka yote ukafunikwa.

"Nistahimilie, baba Shee," alimnong'oneza mumewe.

Kisha akashuka na ndoo, akapaka chokaa mawe ya kando, mpaka njia ikapinda mbali na kaburi. Jiwe la mwisho likamaliza chokaa.

Baiskeli zikaja kwa kishindo, zikafuata mawe meupe, zikapinda. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Alirudi akakaa chini kando ya mumewe. Kiganja kilikuwa bado na chokaa kidogo. Akakibandika kwenye jiwe la kichwani, upande wa ndani usioonekana njiani, akakiacha hapo.