Nyota Nne za Baba Mkwe

"Uruguay wamechukua Kombe la Dunia mara ngapi?" mzee aliuliza, na sambusa ya Hirsi ikakwama njiani kuelekea mdomoni.

Hirsi alikuwa amekuja mtaa wa Stechford kumposa binti wa mzee huyo, si kufanya mtihani. Kwenye gari mjomba wake alimwonya akubali kila kitu: hata chai ikiwa na chumvi, sema tamu. Hili la Uruguay halikutajwa.

Televisheni ilikuwa ikionyesha Kombe la Dunia kutoka Urusi, sauti imezimwa kwa heshima ya posa. Mzee alivaa jezi ya Uruguay iliyombana kifua, nyota nne juu ya nembo zimetanuka kama zinaomba msaada.

Hirsi alilijua jibu. Makombe ni mawili, la 1930 na la 1950. Nyota nyingine mbili ni za Olimpiki.

Akisema mbili, anamvua mzee nyota mbele ya wageni. Akisema nne, ni mwongo, na binti aliyekuwa akisikiliza nyuma ya mlango wa jikoni hapendi waongo.

Mjomba akamkanyaga mguu mara nne.

"Mbili, baba," Hirsi akasema. Mjomba akafumba macho. "Lakini ndani ya nyumba hii, ni nne."

Mzee hakucheka papo hapo. Nyota zake ndizo zilizoanza kutikisika, kisha kicheko kikafuata.

"Mama watoto!" akaita, akisogea kwenye kochi kumpa Hirsi nafasi. "Ongeza sambusa! Na huyo aliye nyuma ya mlango atoke, mechi inaanza."