Mngurumo wa Gari la Sudi

Fundi Ngwali aliweka kemshafti mbili mezani mbele ya Tatu. Kemshafti ndicho chuma kinachoipa injini ya gari mngurumo wake. Moja ilikuwa mpya. Ya pili ilitoka katika injini ya gari alilokuwa akilitengeneza, lile lililopinduka na kumuua Sudi, kaka yake Tatu.

"Chukua hii mpya, dada," alisema Ngwali. "Ina upole. Hiyo ya Sudi ina makelele, mtaa mzima utakulalamikia."

"Basi nifungie ya Sudi."

"Kwa nini ujitese?"

"Sijitesi mimi. Mbaruku alimsukuma kaka yangu bondeni pamoja na gari, kisha akautangazia mji kwamba marehemu alikuwa amelewa. Nataka alisikie gari hili kila asubuhi."

Ngwali alichukua kitambaa akaanza kuifuta ile ya zamani.

Injini ilipokamilika, Tatu aliendesha hadi mlangoni kwa Mbaruku, akasimama bila kuizima. Majirani walitoka mbio. "Sudi!" mwanamke mmoja alipiga ukelele, mikono kichwani.

Mbaruku alitokea na povu la sabuni shavuni, wembe mkononi. Alisema neno, likamezwa na mngurumo. Akapaza sauti kwa nguvu zake zote:

"Sikukusudia kumsukuma!"

Majirani wote wakamgeukia.

Tatu alikanyaga mafuta, injini ikanguruma zaidi. "Sikusikii, Mbaruku," alisema. "Rudia."