Katoni za Binti

Safari hii ilikuwa zamu ya kioo.

"Kioo?" mume akauliza, kamba ikiwa tayari mkononi. "Huko anasoma uuguzi au urembo?"

"Mtoto wa kike bila kioo anatokaje?" mkewe akamjibu, akikizungushia blanketi. "Shika hapo."

Akashika. Bwana huyu alikuwa mtunza ghala, na kwa mambo ya kamba na katoni humwambii kitu. Kwa miaka yake yote kazini, hata msumari haukuwahi kutoka ghalani bila yeye kuujua, na sifa hiyo aliitangaza hata msibani. Kwa hiyo, ingawa katoni za binti yake zilimkera, hakuweza kuvumilia kumwona mkewe akifunga fundo la ovyo. Alimnyang'anya kamba, akakaza mwenyewe, kisha akarudi kwenye kiti chake kuendelea kulalamika.

Na sababu ya kulalamika alikuwa nayo. Binti yao wa pekee alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, na tangu muhula uanze, kila Jumamosi nyumba ilipungua kitu. Ilianza na katoni ya sabuni na biskuti. Sawa, hata mwanajeshi hupewa biskuti. Yakafuata masufuria makubwa. Halafu mapazia ya chumbani. Halafu magauni ya mama mtu, eti siku hizi wanalingana mwili.

"Huyo mtoto anasoma au amefungua hoteli?" aliuliza siku ya mapazia. "Samaki mkunje angali mbichi! Wewe unamkunja kwa mapazia?"

"Samaki mwenyewe ana miaka ishirini na mbili," mkewe akasema. "Alishakauka. Hebu kaza hiyo kamba, mume wangu, barabara ni mbaya. Hakuna anayefunga kama wewe."

Akakaza. Sifa ilimlainisha kidogo.

Mizigo ilichukuliwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye pikapu. Naye huyo, jamani! Zamani alikuwa mtu wa chai na porojo, ukimkaribisha hatoki. Siku hizi hazimi hata injini.

"Karibu ndani, shemeji."

"Nimeshiba, shemeji."

Asubuhi yote hiyo ameshiba nini? Mtunza ghala akahitimisha kwamba hata shemeji amechoka kutumwa na mtoto mdogo.

Kilichomuuma hasa hakikuwa vitu. Vyake mwenyewe havikuguswa: redio, kiti, kikombe kikubwa, vyote vilikuwa mahali pake. Kilichomuuma ni mkewe. Mama huyu alikuwa fundi cherehani, na zamani jioni alikaa naye sebuleni akimpa habari za wateja: nani kanenepa na hataki kupimwa, nani kaleta kitambaa cha leso akidai gauni refu. Yeye humwitikia "mmh" huku sikio liko kwenye taarifa ya habari. Siku hizi jioni mkewe yuko chumbani anapanga katoni, kimya. Habari zile alizokuwa hazisikilizi, sasa zilimpungukia kweli. Alimpenda mkewe, ila kwa mapenzi ya ghalani: kitu kikishaingia ndani ukakihesabu, basi, kipo. Akajiapiza kwamba muhula ukiisha, upuuzi wa katoni nao utaisha, na mkewe atamrudia sebuleni.

Jumamosi ya mwisho ya muhula ikatolewa cherehani.

Hapo alicheka mpaka akashika mbavu. "Cherehani! Atashona wagonjwa?"

"Anataka kujifunza."

"Na wewe utashonea nini, meno?"

"Nitakwenda nayo," mkewe akasema. "Nataka nione mwenyewe inafika salama."

"Nenda! Kaa hata wiki nzima. Mimi si mtoto, sitakufa njaa."

Mkewe alimtazama kidogo, kisha akasema, "Asante. Umenisaidia sana."

Mtu mwenye adabu hasahau kushukuru. Mtunza ghala akaibeba cherehani kwa mikono yake, akaipakia kwenye pikapu, akaifunga mafundo mawili kwa kuwa moja halitoshi kwa chuma. Akarudi ndani akipiga mluzi. Angalau leo atasikiliza taarifa ya habari bila kelele za sindano.

Wiki ikapita. Bwana mkubwa alikula mkate na chai, kisha mkate bila chai, kisha mkate bila hamu. Simu hakupiga. Mwenye nyumba hapigi simu kuuliza sukari iko wapi.

Siku ya saba mlango ukagongwa. Alijikuta anakimbia, akajirudi, akaenda kufungua kiungwana. Alikuwa binti yake, begi mgongoni, chuo kimefungwa.

"Shikamoo, baba." Akamkumbatia, wala hakuharakisha kumwachia. "Pole sana."

"Marahaba. Pole ya nini? Mkate nimeuzoea." Akachungulia nje kupitia bega la mtoto. "Mama yako yuko wapi? Na wewe umerudi na begi hilo tu? Kioo, masufuria, cherehani, umemwachia nani?"

Binti akalishusha begi sakafuni.

"Baba, mimi nalala bwenini, kitanda cha juu. Vitu vyote viko kwa mama, kule alikopanga chumba." Akamshika baba yake mkono. "Si ameniambia mmeachana kwa wema? Amesema hata mizigo ulimfungia wewe mwenyewe."