Kifungo cha Koti

Majina ya waliochaguliwa chuo kikuu yalitoka, na la Mwanahawa halikuwemo. Hata hivyo alikwenda kumshukuru mwalimu wake.

"Usihuzunike, Mwalimu. Kwa alama zangu za katikati, wangenichukua kweli?"

"Wapo wenye alama kama zako waliochukuliwa," Mwalimu Shomvi alisema, macho chini.

"Bahati yao. Wewe ulijitolea kunipelekea fomu, nami sisahau." Kisha akacheka. "Lakini kifungo hicho! Wanafunzi watakucheka. Vua koti nikushonee."

Mwalimu alilibana koti kifuani. Katika mfuko wa ndani bahasha ya fomu ilikuwamo bado, tangu siku aliyojiambia kwamba kuipeleka ni kazi bure.

Mwanahawa alikuwa ameshatunga uzi, mkono wake umenyooshwa.